Mradi wa Vyeti

Jina la Vyeti alipewa na wanawake wa chumba cha mashuka, na tuseme ukweli, lilimfaa. Alikuwa karani wa idara ya kufulia katika hospitali kubwa, mwanamke aliyekwisha kuupita umri wa kuitwa msichana, na kila alipotoka likizo alirudi na karatasi mpya yenye muhuri. Alisomea utunzaji wa hesabu. Alisomea kompyuta. Alisomea huduma kwa wateja, ingawa wateja wake walikuwa mashuka na foronya. Alisomea hata kuzungumza mbele ya watu, kozi ya mwisho wa juma, na hiyo ndiyo iliyompa cheti kikubwa kuliko vyote.

"Leo unasomea nini tena, Vyeti?" walimuuliza akipita. "Kuendesha ndege?"

Naye alicheka nao, maana aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa shangazi yake.

Shangazi alikuwa dada wa baba yake. Ndiye aliyemchukua Vyeti baada ya baba kufariki, akamlea pamoja na wanawe, akamsomesha, na mwishoni akambembeleza meneja wa zamani mpaka akamtafutia nafasi ya ukarani. Wanawe wa kuzaa walikwenda zao mbali, kila mmoja na maisha yake, wakabaki wawili hao katika nyumba ya vyumba viwili. Asubuhi walitoka pamoja. Shangazi alikwenda kwenye meza ya kukagulia, ambako alikuwa amesimama tangu hospitali haijanunua mashine ya kukaushia, na Vyeti alikwenda kwenye kiofisi chake chenye kioo kilichojaa mvuke.

Alichokuwa akikitafuta Vyeti kilikuwa kimoja tu: kuingia shule ya biashara. Mahali pale, bila shahada ya uzamili ya biashara, karani alistaafu karani. Alishawafundisha kazi mabosi wawili waliomkuta, wote wadogo kwake, wote wametoka shule hiyo hiyo na viatu vya kung'aa. Aliomba mwaka wa kwanza, wakamkataa. Akaongeza kozi, akaomba tena, wakamkataa kwa maneno yale yale. Shangazi alisema, "Jikaze kisabuni, mwanangu. Watachoka wao kabla yako." Lakini Vyeti alianza kuchoka.

Ndipo alipomwendea mhasibu wa hospitali. Mhasibu alikuwa amemaliza shule hiyo, na alipenda kuombwa ushauri kuliko alivyopenda kupewa chai. Alizipanga karatasi za Vyeti mezani, akazitazama, akakunja uso.

"Dada yangu, sasa hii ni nini? Umezoa kozi kama mtu anayezoa nguo sokoni. Hii ya mtoto, hii ya mzee, hii haina hata kifungo. Mtu akikuona umezivaa hizi atajua wewe ni nani?"

"Nilifikiri zikiwa nyingi…"

"Wingi hauwatishi. Wale hawatafuti aliyekaa sana darasani. Wanamtafuta aliyebadilisha kitu. Kila kozi hapa ina mtihani, hakuna hata moja yenye matokeo."

Akamwonyesha njia mbili. Ya kwanza ilikuwa usimamizi wa miradi, kozi inayojulikana na kila mtu, unasoma, unafanya mtihani, unapewa cheti. Ya pili ilikuwa uboreshaji wa utendaji kazi. Hiyo haikuwa na mtihani wa mwisho. Mwanafunzi alitakiwa achague kazi moja mahali anapofanya kazi, aipime, aondoe kinachopotea bure, kisha alete saini ya meneja kwamba faida imepatikana kweli.

"Ya kwanza itakupa jina," alisema mhasibu. "Ya pili itakupa kitu cha kusimulia kwenye usaili. Mimi ningechukua ya pili."

Vyeti akachukua ya pili. Mpaka hapo hakuna wa kumlaumu.

Kosa lake lilikuja katika kuchagua mahali pa kupima. Alianza na wasukuma toroli wanaoleta nguo chafu kutoka wodini. Wakamwona amesimama kwenye kona na simu yake inayohesabu sekunde, siku hiyo wakakimbia kama wanafukuzwa na nyuki, kesho yake wakajivuta kama wagonjwa. Akahamia kwa mafundi wa mashine za kufulia. Wale hawakumficha: walimuuliza katumwa na nani, na tangu hapo kila alipoingia mashine ilikuwa imeharibika. Mkufunzi wa kozi alikuwa amewaambia mapema kwamba mtu anayekuogopa hawezi kukupa kipimo cha kweli. Vyeti akakaa akafikiri ni wapi katika idara nzima hawamwogopi. Jibu lilikuwa wazi, hata hakuhitaji kufikiri sana.

Shangazi ndiye aliyemfungulia mlango. Aliwakusanya wenzake karibu na meza, akamshika Vyeti begani.

"Huyu ni mwanangu, anasoma, na mimi nataka apite. Sasa nyie fanyeni kazi kama siku zote. Msimwonee haya. Anayekwenda chooni aende, anayepiga soga apige. Msije mkamwongopea mtoto wangu akafeli."

Nao wakafanya hivyo hasa. Walimpa ukweli wote, na juu ya hayo kiti cha kukalia.

Kazi ya chumba kile ilikuwa na meza mbili. Kwenye meza ya kwanza shangazi na wenzake waliinua shuka lililotoka kwenye mashine, wakalinyoosha mbele ya dirisha, wakatafuta matundu na madoa, wakaliweka chini. Kisha wanawake wa meza ya pili waliliinua shuka lile lile, wakalikunja. Vyeti alitazama siku nyingi kabla hajaona kilichokuwa mbele ya macho yake: kila shuka liliinuliwa mara mbili. Mtu anayekunja analinyoosha shuka vilevile, na ana macho vilevile. Ukiiondoa meza ya kwanza, ukaisogeza ya pili kwenye dirisha karibu na mashine, kazi inakwisha mapema kwa watu wachache.

Na ilikuwa kweli. Hili ndilo linalouma, kwamba hakukosea. Walijaribu, shangazi mwenyewe akasaidia kuisukuma meza. Mashuka yalikwisha jua lingali juu, hakuna tundu lililopita, na wanawake wakakaa wakanyoosha miguu, jambo ambalo chumba kile hakikuwahi kuliona. Mmoja wao, Mama Pacha, mwenye ulimi usiolala, alivua viatu akatangaza, "Vyeti, safari hii umesomea kitu cha maana! Mungu akupe maisha."

Ripoti ya kozi ilitaka isemwe wazi mradi umepunguza mikono mingapi, yaani wafanyakazi wangapi. Vyeti aliandika minne. Hapo chini yake akaandika pendekezo: wanne hao wahamishiwe chumba cha kushonea, ambacho kilikuwa kimefungwa huku mashuka yaliyochanika yakirundikana mpaka darini. Aliliandika kwa moyo safi, na alilala usingizi mzuri siku aliyoliandika. Akilini alimwona shangazi yake amekaa kwenye cherehani, amepumzisha miguu iliyovimba.

Meneja aliisoma ripoti akiwa amesimama. Kisha akaketi akaisoma tena, na Vyeti akajua imempendeza.

"Hii kazi nzuri sana. Mikono minne! Kwa nini hatukuliona hili siku zote?" Akageuza ukurasa. "Hili la kushona, hapana. Kile chumba hakimo kwenye bajeti, na hakitakuwamo. Hawa wanne wako kwenye mikataba ya muda?"

"Wengi wao, ndiyo."

"Basi ni rahisi. Tutaanza na wenye umri mkubwa, nao wapumzike." Akachukua kalamu. "Saini yangu unaitaka wapi?"

Vyeti aliitazama kalamu. Alijua mwenye umri mkubwa kuliko wote ni nani, na meneja hakujua, maana alikuwa mgeni na hakuna aliyewahi kumwambia. Kulikuwa na nafasi pale ya kusema neno. Angeweza kusema, yule ni mama yangu. Angeweza kusema, basi nirudishie ripoti yangu. Mhasibu alikuwa amemwambia kwamba mwaka huu maombi yanafungwa mwisho wa mwezi, na kalamu ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Akanyoosha kidole akaonyesha mahali pa kusaini.

Kama unataka kumchukia, mchukie hapo. Mimi nimejaribu na sikufika mbali, kwa sababu nimewahi kumwona mtu anayegonga mlango mmoja miaka mingi, na ninajua anavyokuwa siku unapofunguka kidogo.

Unga wa shangazi ulimwagika wiki hiyo hiyo, yeye na wenzake watatu, Mama Pacha akiwamo. Kwa kuwa karani ndiye anayepokea vifaa vya kazi, walipanga foleni kwenye kiofisi chenye mvuke kumrudishia Vyeti makoti yao ya bluu. Wawili waliyaweka mezani bila kumtazama. Mama Pacha alilishika la kwake, hakuliachia.

"Ulikaa pale kwenye kiti chetu, tukakuchekea," alisema. "Tukakuombea na dua. Kumbe unatupima makaburi."

"Mama Pacha, niliandika mpelekwe kushona. Wallahi niliandika."

"Uliandika." Akalitupa koti sakafuni, akatoka.

Shangazi alikuwa wa mwisho. Koti lake lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi. Akaliokota na lile la Mama Pacha, akalikung'uta, akayaweka yote mawili juu ya meza. "Usisahau kununua sabuni ukirudi," alisema. Kwa mara ya kwanza tangu Vyeti aanze kazi, shangazi alikwenda nyumbani peke yake.

Nyumbani hakukuwa na ugomvi. Heri ungekuwapo. Shangazi alipika, akafagia, akawaambia majirani kwamba amepumzishwa kwa sababu ya miguu. Lakini mchana hakuwa na la kufanya. Vyeti alianza kukuta kabati zimepangwa upya, mashuka yao machache yametolewa, yamekaguliwa, yamekunjwa, na kesho yake yametolewa tena. Alitaka kuomba radhi. Kila alipofungua mdomo, shangazi alimuuliza habari za maombi yake.

Kisha wakamwita kwenye usaili. Mwaka wa tatu wa kuomba, ndipo walipomwita. Mhasibu alimpigia makofi mezani kwake, akamwandikia maswali ya kujifunzia. "Mradi wako ndio watakaoukamata," alisema. "Usimulie kama unavyosimulia ushindi."

Jumapili mchana shangazi alivuta kiti sebuleni, akavaa miwani, akanyoosha mkono apewe karatasi ya maswali. "Kaa pale. Leo mimi ndiye jopo. Nimewahi kuulizwa maswali na mameneja wanne, najua wanavyokaa." Akakunja mguu juu ya mguu, akabinua mdomo, na Vyeti akacheka bila kutaka. Kilikuwa kicheko chao cha kwanza tangu siku ya makoti.

Shangazi aliuliza vizuri. Kwa nini shule ya biashara? Udhaifu wako ni nini? Tueleze jambo ulilolibadilisha kazini. Vyeti alieleza meza mbili, dirisha, mikono minne. Shangazi alisikiliza kana kwamba habari yenyewe ni ya mji mwingine. Alipomaliza, aliishusha karatasi mapajani.

"Na hao wafanyakazi wanne," akauliza, "walikwenda wapi?"

"Hilo halimo kwenye karatasi, Shangazi."

"Watauliza. Mimi ningeuliza."

Vyeti alitazama mikono yake. "Mmoja wao ni mama aliyenilea…"

"Hilo usiliseme kabisa! Watasema huyu akiuza ndugu yake, sisi atatufanyaje? Sema tena."

"Walihamishiwa idara nyingine."

"Usidanganye. Wenye vyeo wanapigiana simu."

"Waliachishwa kazi. Nilipendekeza wapelekwe kushona, uongozi haukukubali."

"Hapo vizuri." Shangazi aliitikia kwa kichwa. Kisha akauliza polepole, na hakuwa tena na ile sauti ya jopo, "Na uongozi ulipokataa, wewe ulisema nini?"

Vyeti alifahamu kwamba swali hili shangazi alikaa nalo muda wote huu, akilikunja na kulikunjua pamoja na yale mashuka. Pengine angeweza kusema alipinga. Asingejua mtu.

"Sikusema kitu," alisema.

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Vyeti alikuwa analia. Shangazi hakumsogelea kama alivyozoea kumsogelea tangu utotoni.

"Basi pale utasema uliheshimu uamuzi wa uongozi," alisema. "Ndivyo wanavyosema wao. Lakini umeinamisha macho. Ukiinamisha macho hivyo watajua. Futa machozi, sema tena."

Vyeti akasema, macho yakamshuka. "Tena," alisema shangazi. Akasema tena. Shangazi alimsubiri, mikono imelala mapajani haina kazi, akamrudisha mwanzo kila macho yalipoanguka, mpaka ikafika mara ambayo Vyeti alimtazama usoni moja kwa moja, akatamka, "Waliachishwa kazi, nami niliheshimu uamuzi," bila kupepesa wala sauti kutetemeka.

"Hapo sasa," alisema shangazi. "Ukiwaambia hivyo, watakuchukua."

Akavaa miwani, akatafuta kwa kidole swali linalofuata.