Taa Iliyowaka Bila Betri

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupenda urembo kuliko kazi yenyewe. Nilifunika waya kabla sijajua kama zimekaa sawa, na nilipogundua kasoro nikaona haya kuzifunua. Mengine yote yalitoka hapo. Utasema niliota, au nilikuwa nimelewa. Sinywi. Na aliyeshuhudia yu hai, bado ananyoosha bodi za magari pale Ruiru karibu na stesheni, ingawa ukimuuliza kuhusu jioni ile ataondoka akuache umesimama na swali lako.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati paneli za sola zilipoanza kuonekana juu ya nyumba za watu waliochoka kungoja stima. Mimi sikusomea umeme popote. Nilijifunza kwa kufungua redio mbovu na kusoma vitabu vya mitumba vilivyokosa kurasa. Kwa hiyo nilikuwa na hofu moja iliyonilaza macho: kwamba siku moja mtu atanitazama na kusema, huyu hajui kitu. Ili asiseme, nilihakikisha kila ninachogusa kinapendeza. Unanielewa? Kitu kikipendeza, watu hawaulizi.

Mama Habiba, mjane wa Majengo, Thika, aliniletea Kombi ya marehemu mumewe. Alikuwa ametoka eda, ile miezi ambayo mjane hukaa ndani, na sasa alitaka kurudi kwenye biashara yake ya leso na sufuria, akifuata siku za soko kwenye barabara ya Garissa. Alichoka kulala lojing'i zenye kunguni. Alitaka kitanda ndani ya gari, taa, feni ndogo, na paneli juu ya paa ya kuchaji betri mchana.

"Nitakuwa nalala humo peke yangu," aliniambia. "Dereva wangu ana jamaa kila mji. Basi fanya kama unamfanyia mama yako."

Nikafanya. Nilijenga kitanda chenye makabati chini. Nilifunika kuta kwa plaiwudi, nikaibandika kwa gundi, nikaipiga vanishi hadi ukaweza kujiona. Skrubu nilizipanga mstari mmoja kama meno ya kitana. Njoroge, yule mnyoosha bodi tuliyegawana uwanja, alikuwa akipita na nyundo yake na kucheka.

"Wee, fundi wa jua! Hiyo ni gari ama ni bibi harusi?"

Na Julai ilipotuletea mawingu yake: "Leo jua limeenda Nairobi kutafuta kazi. Wewe utakula nini?"

Siku ya kujaribu, taa iliwaka vizuri sana. Nikafunga mlango kwa nguvu, ikazimika. Fyuzi ilikuwa imekatika. Fyuzi ni kile kipande chembamba kinachokubali kufa kwanza ili gari lisiungue. Nikaweka mpya, nikabamiza mlango, ikakatika tena. Nilijua kwa nini. Skrubu moja ilikuwa imetoboa waya nyuma ya ubao, na gari likitikisika waya inagusa bodi na kupiga shoti. Hata nilijua ni skrubu ipi. Waya ilipita pale, nami ningeisogeza skrubu upana wa vidole viwili tu, lakini mstari ungepinda.

Kurekebisha kulimaanisha kuung'oa ubao wote. Ungepasuka. Njoroge angeona. Mama Habiba angeuliza kwa nini kazi imechelewa. Basi nikaokota pakiti tupu ya sigara, nikachuna karatasi yake ya kung'aa, nikaizungusha kwenye fyuzi iliyokufa. Mafundi wengi wa huku wameifanya hiyo. Tatizo ni kwamba karatasi hiyo haikubali kufa. Nilibamiza mlango mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na taa haikuzimika. Nikajiambia, umeona? Imepona.

Kwa kuwa hakukuwa na jua, asubuhi iliyofuata nilitoa betri nikaipeleka kwa watu wa kuchaji karibu na soko. Shika hilo. Betri haikuwa ndani ya gari.

Jioni, giza likianza kuingia, nilikuwa nimeinama ndani ya Kombi nikipangusa alama za vidole kwenye vanishi. Nikasikia hodi.

Alikuwa mzee mrefu, kofia nyeupe, koti la kijivu. Kabla sijamkaribisha vizuri alivua viatu, akavipanga chini ya mlango wa gari, akapanda akiwa na soksi, kama mtu anayeingia chumbani kwake. Nikadhani ni shemeji au mjomba aliyetumwa kukagua. Sikumwogopa yeye. Niliogopa ukaguzi.

"Hii ndiyo ya Mama Habiba?"

"Ndiyo, mzee. Karibu."

"Washa tuone."

Nikabonyeza swichi. Ikawaka. Naapa, sikukumbuka betri hata kidogo. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye mstari wa skrubu. Mwanga ulikuwa mweupe, umetulia, mzuri kuliko siku ya majaribio. Nikafurahi! Hebu fikiria ujinga huo. Nilisimama chini ya taa isiyo na umeme nikijisifu moyoni.

Mzee hakusifu. Aliketi kitandani, akatazama huku na huku, kisha akanyoosha mkono akauweka ukutani. Niamini, hakutafuta. Uliangukia moja kwa moja kwenye ile skrubu.

"Hapa pana joto," alisema.

"Ni jua la mchana, mzee. Mbao hushika joto."

Jua lipi? Wiki nzima Ruiru ilikuwa chini ya wingu moja. Alinitazama kwa upole, na upole ule ndio unaonichoma mpaka leo, kwa sababu alikuwa ananipa nafasi.

"Kijana, wewe mwenyewe ungelala humu?"

Ningeweza kusema, mzee, ngoja kwanza, kuna kitu hakijakaa sawa. Ni maneno machache. Badala yake nikacheka kidogo.

"Ningelala vizuri sana. Hata mama yangu ningemlaza hapa."

Halafu akasimama, akashuka, akavaa viatu vyake taratibu. "Haya," alisema. "Nimekuachia mtu wangu." Akatoka kwa lango, na sikusikia mbwa wa jirani akibweka, mbwa ambaye humbwekea hata kuku.

Haukupita muda Njoroge akaingia kwa lango lile lile, amebeba betri begani.

"Chukua mzigo wako, wale wa kuchaji wanafunga. Na nani huyo ametoka hapa..." Akasimama. Alikuwa anatazama dirisha la Kombi. "Fundi. Hiyo taa unawashia nini?"

Nikatazama betri begani mwake. Nikatazama taa. Nikapeleka mkono kwenye swichi, na kabla sijaigusa taa ikafifia polepole, kama mtu anayefumba macho kwa uchovu, ikazima. Njoroge akamwita Mungu kwa Kikuyu, "Ngai!" moja tu. Betri akaiacha chini na kwenda nyumbani bila hata kufunga kisanduku chake cha vyombo.

Sasa sikiliza aibu yangu yenyewe. Mtu mwingine angejua ameonywa. Angechukua bisibisi usiku ule ule akang'oa ubao. Mimi nilichotaka ni gari lile litoke uwanjani kwangu. Asubuhi nilirudisha betri na kuliendesha hadi Thika, madirisha yote wazi, nikikataa kutazama kioo cha nyuma.

Mama Habiba alilizunguka gari, akapapasa vanishi, akanibariki. Nikaona nijikinge.

"Kuna mzee wenu alikuja jana kulikagua. Aliridhika."

"Mzee yupi? Sikumtuma mtu."

Nikamweleza kofia, koti, urefu. Nilipofika kwenye viatu, jinsi alivyovivua kabla ya kupanda, alishika mlango wa Kombi.

"Baba Habiba alikuwa akifanya hivyo," alisema pole pole. "Watu walimcheka. Gari lako ni msikiti? Yeye alijibu, mke wangu husinzia humu njiani." Akafuta macho kwa ncha ya leso. "Mwanangu, alikuuliza nini?"

Hiyo ilikuwa nafasi ya pili, na aliyeuliza alikuwa hai, mbele yangu, mchana.

"Hakuuliza kitu, mama. Alitazama tu."

Gari liliungua usiku wa soko lake la kwanza, Matuu. Habari zilinifikia kupitia dereva, nami nilikaa chini kwenye mafuta machafu ya gereji nikashindwa kuuliza swali moja lililobaki, kama Mama Habiba yu hai. Alilijibu mwenyewe siku chache baadaye, aliposhuka pale uwanjani, mzima, nyusi zimeungua, mkono mmoja umefungwa bandeji. Njoroge alizima gesi yake ya kuchomelea na kusogea mbali.

Alikataa kiti.

"Niligongewa," alisema. "Kwenye paa, juu ya kichwa changu. Nikatoka nje kuona ni nani. Hakukuwa na mtu. Nikageuka, ukuta wako mzuri unatoa moshi; nikarudi kuokoa bidhaa, moto ukanilamba." Akavuta pumzi. "Nakuuliza tena. Alikuuliza nini?"

Nikamwambia yote. Waya, skrubu, karatasi ya sigara, jua ambalo halikuwepo, na jinsi nilivyomtaja mama yangu. Nilingoja anilaani. Ningependa angenilaani.

"Gari ni mali, litapatikana lingine," alisema. "Lakini mume wangu alikuwa amepumzika. Tulimswalia, tukamzika vizuri, akapumzika. Wewe ulimwamsha aje alinde usiku kazi uliyolipwa kuifanya mchana."

Akaenda zake. Sikuwahi kumwona tena. Nilituma watu wanipelekee ombi la msamaha. Nikaambiwa amesema ameshasamehe, lakini msamaha wa yule mwingine si wake kuutoa. Sijui utolewe vipi. Nimewahi kwenda hadi makaburi ya Waislamu pale Thika, nikasimama nje ya ukuta, kisha nikarudi Ruiru.

Wewe unayenisoma, huenda hufanyi kazi ya umeme. Labda unashona, unapika, unafundisha. Siku mtu akija jioni akakuuliza kwa upole kama kazi yako ni salama, usimtazame mavazi kujua kama anastahili jibu. Mwambie kweli. Hujui ametoka wapi, wala hujui amempenda nani.

Mimi bado naweka sola kwenye magari. Waya zangu sasa hupita nje ya ukuta, zinaonekana zote, na wateja husema kazi yangu ni mbaya kwa macho. Nawaacha waseme.