Mji Aliodaiwa Baba

Dada yangu alikuwa mtu wa kuuliza. Wapo wanaozaliwa na sauti nzuri, wapo wanaozaliwa na mbio. Yeye alizaliwa na maswali. Alimwuliza mchungaji kama Yerusalemu wanalima mtama. Alimwuliza fundi cherehani aliyetoka Tabora kwa nini wimbo alioupenda hauna ngoma ndani yake, na yule mzee akaacha kushona ili aufikirie. Mimi nilimfuata kwa mwaka mmoja tu na tulikaa dawati moja, hivyo aibu zake zote zilinipata na mimi. Mara nyingi nilitamani ardhi ipasuke. Leo mimi ni bibi kizee, nimeona watu wengi wenye vyeo vyao, na sijaona tena kichwa kama kile.

Lakini aliyemnoa hakuwa mwalimu. Alikuwa bibi, mama yake baba, ambaye tuliishi naye boma moja katika kijiji chetu upande wa Misigiri, siku zile Waingereza wanatawala.

Shuleni tulikuwa tumefundishwa vitendawili kwa Kiswahili, pamoja na ile desturi kwamba aliyeshindwa kufumbua anatoa mji. Mtegaji akishapewa mji, anasimulia alivyokwenda huko na kukaribishwa, ndipo atoe jibu. Tukaupeleka mchezo nyumbani, jioni tunapobangua karanga. Bibi aliupenda mno. Kiswahili chake kiliishia hapo kwenye "nipe mji", mengine yote yalikuwa Kinyiramba, lakini hilo alilitamka kama karani anayedai kodi.

Nyumba za wenzetu mtoto alitoa Dodoma leo na Dodoma kesho, mambo yakaisha. Kwa bibi haikuwa hivyo. Mara ya kwanza dada alipompa Mombasa, bibi aliweka ungo chini.

"Unanipa mji usioujua mwenyewe? Nitalala vipi kwa watu nisiowajua? Niambie, huko wanakula nini? Mkubwa wao alikuwa nani? Wanacheza ngoma gani?"

Dada alijua jina tu. Bibi akaukataa mji, na kitendawili chetu kikabaki bila jibu mpaka tulipoleta habari kamili. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya boma letu: mji haurudiwi, na mji usio na chakula, mkubwa na ngoma haupokelewi.

Basi tukawa watafuta miji. Baba alipokwenda gulioni Shelui kuuza karanga, tulimng'ang'ania twende naye, kwa sababu malori ya kutoka Nzega yalisimama pale kupumzisha injini kabla ya kupanda mlima wa Sekenke. Dada alikwenda moja kwa moja kwa dereva na utingo wake, akapiga goti kidogo kama tulivyofunzwa.

"Shikamooni."

"Marahaba, binti. Unauza nini?"

"Siuzi. Nauliza mnakotoka wanakula nini."

Wapo waliocheka hadi machozi yakawatoka. Lakini walijibu. Mtu mzima akiulizwa kwa adabu habari za kwao, hujibu hata kama ana haraka. Hivyo ndivyo tulivyoijua Bukoba na ndizi zake, Tanga na mkonge wake, Kigoma inakoishia reli waliyoijenga Wajerumani, na mji gani ngoma huchezwa kwa mabega na mji gani kwa miguu. Ninaposikia watu wa leo wakijisifu kwa kujua mambo, nacheka kimoyomoyo. Sisi jibu moja lilitugharimu safari ya kutwa nzima.

Baba hakucheza mchezo huo. Alikuwa askari wa vita ya Burma, na kijijini hakuna aliyemzidi kwa kuijua dunia. Alikuwa amekwenda huko na mdogo wake, baba yetu mdogo. Baba alirudi, mdogo wake hakurudi. Tulichoambiwa ni neno moja tu, kwamba alibaki mtoni. Kwetu neno hilo halikuwa na maana. Mito yetu ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, unaivuka na viatu, na mvua zikija maji hukimbilia mbuga ya Wembere, hutuama kwenye matope, na jua huyanywa. Mtu mzima anabakije mtoni? Watu waliuliza hivyo mwanzoni, kisha wakaacha, kwa sababu baba hakumjibu mtu.

Jioni moja alipita penye karanga na bibi akamtegea kitendawili kwa utani. Baba akashindwa. "Nipe mji," akasema bibi. Baba alisimama kidogo, halafu akasema, "Kalewa." Hatukuwahi kulisikia jina hilo. Bibi akauliza kama kawaida, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka, "Wanakula nini huko?"

"Matope," alisema baba, akaondoka.

Bibi hakugombana naye. Alichambua karanga kwa muda, kisha akasema polepole kuwa mji huo bado unadaiwa. Dada alinitazama. Nilijua maana ya jicho lile, na nilimwomba Mungu atuepushie.

Mwaka huo huo tulikuwa darasa la nne. Mwalimu wetu alikuja kumwambia baba kwamba dada anafaa kwenda bweni, shule ya kati ya wasichana. Baba alimsikiliza vizuri, akampa kiti na uji, kisha akasema wasichana shuleni wanafundishwa kufuma vitambaa, na kufuma hata nyumbani kunafumwa. Mwalimu akamkaribisha kwenye mashindano ya maarifa yatakayofanyika shuleni kwetu, shule yetu na ya wavulana wa Ulemo, kila shule watoto wawili. Wawili wetu tulikuwa dada na mimi.

"Nitakuja," alisema baba. "Akinionyesha jambo moja la dunia nisilolijua, atakwenda. Asiponionyesha, jembe lipo." Na baba hakuwa mtu wa kula maneno yake, kwa heri wala kwa shari.

Siku yenyewe alivaa kabuti lake la jeshi juani, akakaa mbele kabisa. Mwulizaji alikuwa mkaguzi wa shule, mtu wa Pwani, soksi ndefu nyeupe mpaka magotini, Kiswahili kinachotiririka mpaka ukasahau kusikiliza swali. Wale wavulana wa Ulemo walikuwa hodari, nisiwanyime haki yao. Walitaja wafalme na milima kama mtu anayehesabu ng'ombe wake. Lakini dada! Misafara ya zamani ya kwenda Ujiji ilipumzika wapi? Tabora, akajibu, na akaongeza kwamba maembe ya huko ni mbegu za wasafiri hao. Zumari hupigwa kwa kitu gani? Kwa pumzi, na pwani huliambatanisha na ngoma harusini. Hata alipoulizwa nchi itokako chai, alisema Seloni, hakusita.

Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa namtazama baba. Kila swali, kabla dada hajafungua mdomo, midomo ya baba ilikuwa imeshajibu. Dada alipopatia, baba alitikisa kichwa tu, kama kusema naam, hilo nalijua. Seloni alikuwa amepita kwa meli. Kwa hiyo tulikuwa tunawashinda Ulemo, na papo hapo dada alikuwa akishindwa lile shindano lake la kweli, na hakuna aliyelijua ila sisi watatu na mwalimu.

Mwishoni tukawa sare. Swali la kuamua likamwangukia dada: makao makuu ya serikali ya Australia ni mji gani? Nikaona macho yake yakitafuta. Hakuna lori lililowahi kutoka Australia. Kisha desturi ya boma letu ikamtoka mdomoni kabla hajaizuia.

"Nimeshindwa. Nakupa mji."

Uwanja mzima ulilipuka. Wavulana wa Ulemo walishikana mabega kwa kicheko. Mwalimu wetu alifunika uso. Mimi nilitamani ile ardhi yangu ya siku zote ipasuke. Mkaguzi naye alicheka, lakini kwa wema, maana mchezo ule ni wa kwao.

"Haya binti, ushindi ni wa Ulemo. Lakini mji siukatai. Nipe."

Dada alimtazama baba, kisha akamjibu mkaguzi. "Nakupa Kalewa."

Kicheko cha baba, kama kilikuwapo, kilikatika. Mkaguzi alisema huo haujui. Akamwambia aeleze uko wapi. Dada akasimama wima, mikono nyuma, akaulipa mji kama bibi alivyotufundisha.

"Uko Burma, kando ya mto Chindwini. Wanakula wali na samaki waliosagwa na kuchachushwa, harufu yake hukaa kwenye nguo. Mkubwa wao alikuwa mfalme, Waingereza wakamchukua na kumweka India mpaka akafa huko. Ngoma yao kubwa ni wanasesere wa mbao wanaochezeshwa kwa nyuzi, na mtu anawaimbia nyuma ya pazia, na watu hukesha wakiwatazama."

Mimi nilijua alikovipata. Samaki na wanasesere alivitoa kwa dereva mmoja wa Shelui aliyekuwa ameendesha lori la jeshi huko. Habari za mfalme alimchosha nazo mwalimu mpaka akazitafuta. Kilichobaki alikipata mwenyewe kwenye ramani ya dunia iliyotundikwa darasani, wenzake wakiwa nje wanacheza.

Nilidhani amemaliza. Baba alikuwa amesimama. Alisahau kwamba kuna watu, akamwuliza mtoto wake kama anavyomwuliza mtu mzima mwenzake.

"Na ule mto? Unaishia mbuga gani?"

"Hauishii mbugani, baba. Unaingia mto mwingine mkubwa zaidi, na ule mkubwa unashuka hadi baharini. Nimeufuata kwa kidole mpaka mwisho."

Baba alifungua vifungo vya kabuti lake kimoja kimoja. Miaka yote ile alikuwa akimwona moyoni mdogo wake akiwa amelala kwenye tope la mbuga fulani, jua likimkausha, kwa sababu kwetu hakuna mto unaokwenda mahali pengine.

"Hilo," alisema, "sikulijua."

Wavulana wa Ulemo walipewa zawadi yao, mpira mpya wa ngozi, na walistahili. Sisi tulitembea kurudi nyumbani nyuma ya baba. Alikuwa amevua kabuti na kulibeba begani. Alipofika bomani alikwenda moja kwa moja kwa bibi, akaketi chini mavumbini mbele yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akasema, "Mama, nimekuja kulipa ule mji." Akamwita dada asimame kando yake.

Bibi aliuliza yake matatu, kwa mpangilio wake uleule. Dada alijibu, na baba akatia maneno pale alipokumbuka: mvua ya huko, daraja, jinsi mdogo wake alivyowachekesha wenzake kwa kuigiza sauti ya sajini. Walipofika kwenye bahari bibi alimwambia dada arudie. Akarudia.

"Kumbe hakukauka," alisema bibi. Akajifuta uso kwa upande wa kanga yake. "Mji nimeupokea."

Dada alikwenda bweni. Asubuhi alipopanda lori pale Misigiri, baba mwenyewe alimpandishia sanduku lake, na utingo akamtambua, akamwuliza kwa mzaha leo anakwenda kula nini. Tulibaki barabarani mpaka vumbi likatua. Nilikuwa nalia kwa wivu na kwa fahari, vyote kwa pamoja, na sikuweza kutenganisha kimoja na kingine.

Bibi alikuwa amenishika mkono. Kwa muda mrefu nilikuwa nimeamini kwamba maswali yake yalikuwa ya mchezo, ya kutukomesha tusitoe miji ovyo. Lori lilipopotea kabisa alinivuta karibu yake.

"Huko anakokwenda," aliniuliza, "wanakula nini?"