Maneno ya Daktari

Mwaka jana nilimpeleka bibi yangu hospitali mjini Bariadi kwa sababu macho yalikuwa yanamsumbua. Bibi anajua Kisukuma tu, hivyo mimi ndiye niliyemtafsiria. Daktari alieleza kwa upole kwamba jicho la kushoto halitaona tena. Nikashindwa kulisema hilo. Nikamwambia atapewa dawa, litapona.

Bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, mbona daktari amesema kwa huzuni, na wewe unasema harakaharaka?"

Nikamshika mkono, nikamweleza yote kama yalivyosemwa. Machozi yalinitoka mimi, siyo yeye.

"Wabeja," akanishukuru, akanigeuza uso kwenye mwanga wa dirisha. "Kaa hapo nikutazame vizuri kwa hili lililobaki."