Donatille Ashika Mwiko

Kwa miaka sita Donatille alitoka mtaa wa Niboye, Kigali, kila asubuhi, akapanda mlima wa Kimihurura kubeba mchanga. Majengo yalikuwa yakiota pande zote: ofisi, hoteli, nyumba za ghorofa. Yeye na wanawake wenzake walikuwa mayede, vibarua wanaowasogezea mafundi saruji na maji. Ujira wa fundi mmoja ulitosha kulipa mayede watatu. Mji ulipozidi kukua, mafundi waliongezewa ujira. Mayede walibaki palepale. Donatille, mjane, alikula mara moja kwa siku ili binti yake, Pretty, ale mara mbili.

Lakini macho yake hayakulala. Akishafikisha ndoo, hakuondoka upesi. Alimtazama mzee Gatera, fundi wa makaro, vile vigae vya sakafuni, anavyovuta uzi, anavyotandaza saruji, anavyogonga kila karo mpaka likae. Jumapili alijizoeza nyuma ya nyumba kwa vipande vilivyotupwa, akitumia udongo.

Mwaka juzi, siku mbili kabla ya jengo kukabidhiwa, mzee Gatera akateguka mgongo. Ukumbi wa chini ulikuwa umepangwa makaro nusu tu. Msimamizi, Mugenzi, akapiga simu huku na huku. Kila fundi alikuwa na kazi.

"Nitaumaliza mimi," Donatille akasema.

"Wewe, yede?"

"Nipe mstari mmoja tu. Ukiona kasoro, nitaung'oa mwenyewe."

Alipoumaliza, Mugenzi aliweka pimamaji, akaigeuza, akaiweka tena. Akaenda yeye mwenyewe kumletea saruji.

Ukumbi ukakamilika jioni ya siku ya pili. Kwenye malipo, Donatille akakuta ujira wa yede.

"Bosi, hapa iko makosa," akasema mbele ya watu. "Ile sakafu haijui kama aliyeipanga amevaa sketi."

Watu wakacheka. Mugenzi naye akacheka, kisha akaona aibu, akamlipa kama fundi.

Tangu hapo kazi zikamfuata mpaka mtaa wa Nyakabanda, zikawa nyingi kuliko mikono yake. Angeweza kutafuta vibarua wa bei rahisi. Badala yake aliwaita wale aliobeba nao mchanga. "Nitawafundisha," akawaambia, "na atakayeshika mwiko atalipwa kama mimi."

Mzee Gatera, mgongo ulipopona, alimwonya. "Mama Pretty, unajiharibia soko."

"Mzee, Kigali nzima inajengwa. Makaro yote hayo niyapange peke yangu?"

Leo wanawake watano wanapanga makaro na kulipwa sawasawa. Wa sita, Mukabalisa, magoti yalimshinda; anauza chai kwenye ujenzi. Na bado wapo mayede wengi wanaopanda mlima ule kwa ujira uleule. Jambo hilo linamuuma Donatille, na halifichi.

Mwezi uliopita, mtaani kwake, watu wa serikali waliandikisha wakazi na kazi zao. Karani akaitazama mikono yake iliyopasuka.

"Kibarua?"

"Fundi," Donatille akajibu, akasimama pale mpaka neno likaandikwa.