Aliyekaa Pembeni ya Dereva

Baba yake yule binti alisema hivi, na maneno yake niliyapata Lindi kwa baba yangu mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga wangu: "Mwambieni huyo kijana, dereva hana nyumba. Dereva ana mke kila mahali anapotia maji kwenye rejeta." Nikauliza, ndiyo amekataa posa? Baba mdogo akasema hajakataa. Amesikia kwamba Jumamosi napeleka Kilwa gari la Mzungu wangu wa serikali, na njia ya Kilwa inapita Kiranjeranje, mbele ya nyumba yake. Atakaa barazani tangu asubuhi. Anataka kuona nani amekaa pembeni ya dereva.

Nilikasirika mpaka chai ikanipalia. Mimi nilikuwa kijana wa kwanza mtaani kwetu kushika usukani wa landrova, enzi hizo za Mwingereza, watoto wakilikimbilia gari kama bwana harusi anapita. Yule binti nilikuwa nimemwona mara mbili tu, kwa shangazi yake pale mjini, na mara zote mbili alinicheka. Hiyo ilitosha, usingizi ukanihama. Halafu mtu anikalie barazani kunihesabia wanawake!

"Sawa," nikamwambia baba mdogo. "Tangulia ukakae naye. Ataona gari, ataona dereva, ataona kiti kitupu."

Na Mzungu naye, kabla hajapanda meli kutangulia Kilwa, alininyooshea kidole: abiria marufuku. Kwa hiyo nilikuwa na amri mbili, ya serikali na ya ukweni, na zote zilisema jambo lile lile.

Jumamosi nikatoka Lindi baada ya sala ya alfajiri, nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kiti cha pembeni nimekifuta hadi kinang'aa. Raha ya kusafiri peke yako, jamani! Unaimba vibaya, hakuna wa kukusema. Ukikata kona vizuri unajipongeza mwenyewe kwa sauti. Kabla ya Mchinga nilimpita jirani yetu mmoja, mzigo kichwani, akanipungia mkono. Nikampungia na mimi, nikamwachia vumbi. Nikajiambia nitamwomba radhi siku ya harusi.

Mto Mbwemkuru ndio ulionishusha mabega. Ilikuwa kiangazi, maji yamebaki ya magotini na mchanga umetanda huku na huku. Gari lile lilikuwa na uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne, habari ambayo nilikuwa nimeisimulia katika kila kijiwe cha Lindi. Basi nikaingia kwa mbwembwe. Katikati ya mchanga gari likaguna, likazama, likatulia. Nikakanyaga mafuta, likazama zaidi. Nikashuka nikalitukana, nikachimba kwa mikono, shati jeupe likawa kama la mfinyanzi.

Hapo nikasikia ngoma nyuma yangu. Likatokea kundi la wanawake, nyuso zimepakwa unga. Walikuwa wametoka kumcheza mwali na sasa wanarudi makwao, nyimbo za unyago bado zimewakolea. Nyimbo zile si za kusikiwa na mwanamume. Ningeziba masikio, lakini mikono ilijaa tope. Mbele yao alikuwa kungwi wao, bibi mfupi mwenye mkongojo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu," akajibu, maana kwetu bibi yeyote ana ruhusa ya kumwita kijana mume wake, na kijana hana pa kukimbilia. "Gari lako limechoka?"

"Halijachoka, bibi. Limekwama."

"Sisi hatujakwama, tumechoka. Tukusukume, utubebe."

Nikamweleza amri ya serikali. Ile ya ukweni niliona haya. Bibi akanisikiliza vizuri, kisha akakaa chini mchangani. "Haya," akasema, "tukae tuone serikali ikija kusukuma."

Wakalisukuma wao. Walisukuma kwa wimbo ambao siwezi kuurudia mbele za watu, na gari likatoka. Nilipokwisha kuwapakia, bibi kiti cha mbele, wengine nyuma chini ya turubai na ngoma yao, jicho langu likaangukia kirungu cha njano kando ya gia. Ndicho kinachoamuru magurudumu ya mbele yavute, na sikuwa nimekigusa. Nikakibonyeza polepole, natazama pengine.

"Na hicho cha nini?" bibi akauliza.

"Cha upepo, bibi."

Tukaenda. Bibi akanitazama weee, akasema, "Mbona una sura ya mfiwa?"

Sijui ni uchovu au ni ile mume-wangu yake, nikamwaga yote. "Kuna mzee mmoja Kiranjeranje, bibi, kichwa chake ganda la korosho. Ukilibanja, linakurushia mafuta likuunguze. Kwake madereva wote ni wahuni."

"Alaa! Na huyo mzee ana mama?"

"Atakuwa alikufa zamani. Nani amvumilie mtoto wa namna ile halafu aishi?"

Bibi akacheka hadi akakohoa. Akawageukia wenzake, akawaambia jambo kwa Kimatumbi, ambacho sikijui, na nyuma kukalipuka vigelegele. Kisha akaniuliza, "Na wewe una wake wangapi humu njiani?"

"Sina hata mmoja, bibi. Ninaye mmoja kichwani, naye kila akiniona anacheka. Mara ya kwanza niligonga kichwa mlangoni. Mara ya pili nikawa naukwepa mlango, nikamwaga uji wa shangazi yake."

Hapo bibi hakucheka.

Tulipoikaribia Kiranjeranje nikasimamisha gari. "Mama zangu, nawapigia magoti, shukeni hapa kwenye mikorosho."

"Miguu imekufa ganzi," akasema bibi. "Nifikishe mlangoni. Twende, nitakuonyesha." Nyuma ngoma ikazidi.

Akanionyesha. Nyumba ile yenye baraza! Baba yangu mdogo alikuwa ameketi pale, kofia ameivuta hadi puani. Kando yake mzee mwenyewe, na majirani wamejaa kama siku ya kesi. Nikasema moyoni, kwisha habari yangu.

Mzee akasimama, kidole juu. "Enhe! Mnaona? Nilisema nini mimi? Si mmoja, gari zima! Na huyo aliyemweka pembeni yake..."

Kidole kikabaki hewani.

"Malizia," akasema bibi, bado amekaa kitini. "Aliyewekwa pembeni ni nani? Sema watu wasikie."

Mzee akashusha mkono. "Shikamoo, mama."

Mama! Kila neno nililosema tangu mtoni likanirudia, na lile la kufa ndilo lililotangulia.

"Marahaba. Ulitaka kujua nani anakaa pembeni ya dereva. Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Basi mimi nimekaa hapo kwa niaba yako, nimemtazama. Ana mdomo mchafu, kwake mimi nimeshakufa, umeniua wewe. Gari lenyewe halijui vizuri, ana kitu humo anakiita cha upepo. Lakini mke hana. Mwenye wake njiani hamtaji mmoja kwa uchungu vile." Akampungia baba yangu mdogo mkongojo. "Na wewe mshenga, toa uso kwenye kofia, useme ulichotumwa."

Mzee akamkaribisha baba mdogo ndani. Alinipitia karibu, akanitazama shati, akasema tu, "Utakula?"

Nikazunguka haraka kumshusha bibi. Kwa haraka ile nikagonga kichwa kwenye chuma cha turubai, paa! Nyuma ya mlango wa nyumba mtu akacheka. Kicheko kile nilikijua.

Jioni nikaendelea na safari ya Kilwa, peke yangu kama nilivyoapa, nikiimba vibaya nyimbo ambazo mwanamume hatakiwi kuzijua. Kiti cha pembeni kilijaa unga wa bibi. Sikukifuta.