Mahali Palipokuwa na Mfuko

Harufu ya karatasi inayoungua haifanani na ya kuni. Inakwaruza koo, halafu inaacha mdomoni ladha ya wino. Uwanja wetu pale Kimanga, mjini Uvira, ulinuka ndagala siku zote, maana jirani yetu Mama Feza alikuwa akianika wale dagaa wa ziwani kuanzia kwenye mlango wake mpaka karibu na wetu, nasi tulikwisha kuzoea. Lakini mchana ule harufu ya karatasi iliifunika hata ile ya ndagala. Baba alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, akichana vitabu vyake vya kazi ukurasa baada ya ukurasa na kuvitia motoni, huku mama akipepea moshi kwa kitenge ili usiende upande wa barabara. Baba alikuwa karani kwenye ghala la pamba. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na sikuwahi kumwona akichana hata bahasha.

Ili mnielewe, niseme kwanza habari za miaka minne nyuma, mwaka wa uhuru. Mwaka ule karani alikuwa mtu. Baba alitembea na kalamu mbili mfukoni, kifuani upande wa kushoto, moja ya buluu na moja nyekundu, na nina hakika ile nyekundu haikuwa na wino. Hata wanaume wasiojua kuandika jina lao walinunua kalamu wakaichomeka mfukoni siku ya Jumapili. Kisha, baada ya ile miaka minne, wakaja waasi, mji ukaangukia mikononi mwao kwa siku moja, na ikasemekana kwamba wanaotafutwa kwanza ni wenye kalamu, kwa sababu wao ndio waliofanya kazi na Wazungu na ndio waliokula uhuru wa wengine. Mwalimu mmoja wa mtaa wa pili alichukuliwa asubuhi akiwa na mswaki mkononi, hakurudi. Wiki hiyo kalamu zote za Uvira zilitoweka mifukoni.

Mama yangu alikuwa mwanamke mwangalifu, na kosa alilofanya lilitokana na uangalifu wake. Shati la kazi la baba lilikuwa na doa la wino kwenye mfuko, doa ambalo sabuni ilishindwa kulitoa. Basi mama akachukua wembe, akafumua mfuko wote, uzi kwa uzi, akaridhika. Baba alipolivaa na kutoka nje juani ndipo tukaona. Shati lilikuwa limepauka kwa miaka ya jua, ila pale palipokuwa na mfuko kitambaa kilibaki na rangi yake ya kijani kibichi kama siku kilipotoka dukani. Sasa baba alikuwa na mraba kifuani unaoonekana tokea ng'ambo ya barabara. Mfuko wenye doa ungeweza kuelezwa. Mfuko uliofumuliwa ulisema wenyewe kwamba kuna mtu anaficha kitu. Na hakuwa na shati jingine la maana.

Wa kwanza kuuona alikuwa Mama Feza. Alikuwa akigeuza ndagala wake kwa fagio, akainua kichwa, akatazama kifua cha baba, akacheka kidogo.

"Baba Riziki, mufuko iko wapi?"

Baba akasema panya wameula. Mama Feza akajibu kwamba panya wa kwetu wanajua kukata mraba vizuri, akarudi kugeuza ndagala. Tangu siku hiyo hatukumwamini. Mama alianza kuteremsha sauti hata akiomba chumvi. Tulihesabu mara ngapi Mama Feza alikwenda kuwauzia samaki wale wapiganaji waliokaa kwenye ghala la pamba, ghala lile lile la baba, na kila aliporudi tulimtazama usoni kuona amepeleka nini zaidi ya samaki. Mimi nilikuwa mbaya kuliko wote. Nilimchungulia kupitia ufa wa mlango mpaka jicho likaniuma.

Nilikuwa na sababu yangu. Baba alipochoma karatasi, mimi niliiba moja: kaye yangu, lile daftari la shule la kuandikia mwandiko mzuri, nikalificha kwenye nyasi za paa juu ya kitanda changu pamoja na kalamu ya kuchovya na kichupa cha wino. Nilitaka kuwa mwalimu. Ninaandika maneno haya sasa kwa wepisi, lakini wakati ule sikuwahi kuyatoa kinywani. Kabla shule haijafungwa, Sista aliyetufundisha alisimama mbele ya darasa akauliza ni nani anataka kuendelea na masomo kwao Usumbura, ng'ambo ya mpaka, akaongeza kwamba ataandika jina la yule tu atakayesema kwa mdomo wake mwenyewe. Wasichana wawili wakasema. Mimi nilikuwa nawashinda wote wawili kwa mwandiko na hesabu, na nilikaa nimeushika ulimi kwa meno. Nilijiambia kwamba Kifaransa changu kinachechemea, kwamba watanicheka, kwamba binti wa Kimanga anayenuka ndagala hana la kutafuta huko. Sista akanitazama kwa muda, akangoja, akafunga daftari lake. Baadaye masista walipovuka kwenda Usumbura alituachia ujumbe kwamba mlango uko wazi. Nilijichukia kwa ule ukimya kuliko nilivyowaogopa waasi.

Basi siku moja, jua la saa saba likiwa kali, Mama Feza akaja mlangoni kwetu akiwa amembeba mwanawe wa mwisho. Mtoto alikuwa na homa ya siku nyingi, shingo imelegea. Ili kumfikisha hospitali ya Usumbura ilibidi apite kizuizi cha Kavimvira, na pale walidai karatasi ya njia: jina, sababu ya safari, na alama ya kidole gumba cha komanda wa waasi. Komanda alikuwa tayari kutoa kidole. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika karatasi yenyewe, kwa kuwa mji mzima ulikuwa umejifanya haujui kuandika. Mama Feza hakumwangalia baba wala mama. Alinitazama mimi.

"Miye najua weye unaandikaka," alisema. "Nilionaka wino ku vidole yako, wakati ya masomo. Andikia miye, mutoto iko nakufa."

Mama akasema kwa haraka kwamba nilisahau zamani. Mama Feza alipotoka kwenda kumlaza mtoto kivulini, mama akanivuta ndani akaninong'oneza, "Ni mutego. Ukiandika tu, kesho banakuja kuuliza nani alikufundisha." Alikuwa na haki ya kuogopa, na mimi niliogopa vilevile. Ningependa kusema kwamba niliandika kwa sababu ya kumhurumia yule mtoto. Huruma ilikuwepo. Lakini ukweli ni kwamba mkono wangu ulikuwa unawasha. Wiki nyingi haukuwa umeandika kitu. Nilipanda kitandani, nikatoa kaye, nikachana ukurasa ulio safi, nikaandika kwa mwandiko wangu wa darasani: Mama Feza na mtoto wake, wanakwenda Usumbura. Sababu ya safari: matunzo. Matunzo ndilo neno letu la matibabu. Nikampelekea pale kivulini. Mama hakunisemesha siku hiyo wala iliyofuata.

Siku ya tatu wapiganaji wawili wakaja kuniita. Baba alisimama, nami nikamwona akifunika mraba wa shati lake kwa mkono, akaketi tena. Sikumlaumu, simlaumu hata leo. Nilitembea kati ya wale vijana hadi kwenye ghala nikiwa na uhakika kabisa kwamba Mama Feza ametuuza.

Komanda alikaa barazani, mtu mwembamba, si mzee, amejifunga kifuani ngozi ya mbuzi ambayo walisema ina dawa ya risasi. Mbele yake palikuwa na meza ya baba. Alikuwa ameshika karatasi yangu.

"Njo weye uliandika hii?"

Nikasema ndiyo. Sauti ilitoka ndogo sana.

"Ikala pale," akasema akinionyesha kiti. "Bantu biko bengi, banangoja."

Ndivyo nilivyokuwa karani wa waasi. Nililetewa makaratasi ya ghala yaliyokuwa matupu upande wa nyuma, na kila asubuhi watu walipanga mstari wakinieleza wanakokwenda, nami nikiandika. Kuzika, biashara, ndoa, matunzo. Matunzo niliyaandika kupita kiasi, hata kwa watu waliokuwa na afya ya kubeba mbuzi wawili. Nikimaliza humsomea komanda, naye hubandika kidole gumba pembeni. Watoto hawaogopwi, nadhani ndiyo maana alinitaka. Asiye na ndevu hawezi kuwa aliwahi kufanya kazi na Mzungu.

Mzee mmoja alikuja siku hizo akitaka kupanda Bijombo, kule milimani, kumzika kaka yake. Nikaandika, nikasoma: "Sababu ya safari, kuzika." Komanda alikuwa ameitazama karatasi huku nikisoma. Hakutoa kidole.

"Soma tena."

Nikasoma tena vilevile.

"Soma kile uliandika," akasema polepole.

Nikaangalia. Nilikuwa nimeandika kuzikwa. Yule mzee alikuwa anapanda mlima kwenda kuzikwa. Nikarekebisha, na wapiganaji waliosimama kule nyuma hawakuelewa lolote. Nilirudi nyumbani na wazo ambalo sikumwambia mtu. Wote pale walisema komanda hajui kusoma hata herufi moja, na yeye mwenyewe alijisifu hivyo mbele ya vijana wake.

Mama Feza alirudi kutoka Usumbura na mtoto anayetembea. Alileta pia salamu: Sista yule alikuwa amemwona hospitalini, akauliza habari zangu, akasema masomo yanaanza mwezi ule. Alikuwa akivuka tena na ndagala wiki hiyo, akataka kwenda nami. Baba na mama walikaa wakazungumza mchana kutwa. Baba hakuweza kupita kizuizi na shati lile, na mama hakutaka kumwacha. Mwishowe mama, aliyemshuku Mama Feza kuliko sisi wote, akasema niende naye. Baba akanipa sharti moja: nijiandikie karatasi, na sababu ya safari iwe matunzo. Mtu anayekwenda kusoma alikuwa, machoni pa wale watu, karani wa kesho.

Asubuhi yake niliketi mezani, nikachovya kalamu. Nikaandika jina langu, Riziki. Nikaandika Usumbura. Nilipofika kwenye sababu, mkono ulikataa yale matunzo. Nilijiambia: kama siwezi kuliandika neno langu kwenye kipande cha karatasi, nitalisemaje mbele ya masista? Nikaandika kusoma. Kisha woga ukanirudia wote kwa pamoja, nikapanga kwamba neno nitaliacha, ila kwa mdomo nitasoma matunzo. Nikamsogezea komanda karatasi.

"Sababu ya safari," nikasema, nikakwama.

Alikuwa anaitazama karatasi. Wapiganaji walikuwa hatua tano kutoka kwetu, mmoja akimenya mhogo.

"Soma kile uliandika," akasema.

Nikasema, "Kusoma." Halafu, kwa kuwa lilikuwa limeshatoka, nikalisema tena kwa sauti kubwa zaidi, kama aliyeulizwa na Sista: "Naenda kusoma. Nataka kuwa mwalimu."

Yule kijana akaacha kumenya mhogo. Komanda akamwambia aende kutazama mstari kule nje. Kisha akainama juu ya meza, akachovya kidole kwenye wino wangu, akakibandika. Si pembeni alikozoea, bali chini ya lile neno lenyewe, sawasawa, bila mimi kumwonyesha lilipo. Alivyoinama, ngozi ya mbuzi ilining'inia mbele na kuacha shati lake wazi. Lilikuwa shati la kaki lililopauka kwa jua, na kifuani upande wa kushoto palikuwa na mraba wa rangi mpya.

Tulitazamana. Akaishika ngozi, akairudisha mahali pake.

"Enda," akasema. "Na hapana rudi mbele ya kumaliza."

Pale Kavimvira, kijana wa kizuizini aliishika karatasi juu chini, akaona kidole, akaturuhusu. Njiani nilimuuliza Mama Feza kama ni yeye aliyemwambia komanda jina langu. Akasema, "Njo miye. Aliniuliza nani aliandika muzuri hivi, nikamwambia." Hakuomba radhi, na mpaka leo sijui kama nilipaswa kumchukia au kumshukuru. Nimefanya yote mawili kwa miaka tofauti. Baba na mama walitufuata mwaka uliofuata, baba akiwa na shati la kuazima. Komanda sikupata habari zake tena.

Nimefundisha watoto wa Uvira miaka thelathini na minane, na sasa nimestaafu, ninaishi Kimanga ile ile. Ndagala bado wananuka. Wajukuu wangu wanaandika kwa vidole viwili kwenye simu, na kalamu wanazitupa ovyo sebuleni, nazikanyaga. Wanasema kwa sauti, mbele ya wageni, wanachotaka kuwa: rubani, daktari, mmoja anataka kuwa mwimbaji. Mimi kila mara hutazama mlangoni kwanza, ndipo ninafurahi. Tabia hiyo haitanitoka. Hata nikikutana na mtu mpya, macho yangu hayaanzi usoni, huanza kifuani upande wa kushoto. Nawatafuta wanaoficha, na nikidhani nimempata mmoja, nampa karatasi na kumwomba anisomee kilichoandikwa.