Paswedi ya Marehemu

Majuzi tulimzika kule Kwihara mama mmoja ambaye wengi wenu hamkumjua, ingawa kama mmelamba asali ya Tabora miaka hii ya karibuni, kazi yake imewapitia mdomoni. Alikuwa fundi wa kompyuta wa ushirika wa wafugaji nyuki, na jirani yangu hapa Chemchem. Safu hii nimeiandikia barazani kwake mara nyingi, kwenye kiti alichonisogezea mwenyewe, huku akinicheka kwamba konokono angekwisha maliza. Nimemkumbuka mno, na wiki hii sina hamu ya kuandika habari nyingine.

Ukali wake niliushuhudia siku mwenzake wa kazini, dada mmoja wa Puge, alipokuja pale barazani na kompyuta yake. Siku hizi programu hufungashwa na mahitaji yake yote ndani ya kifurushi wanachokiita kontena, ili ihamishwe mashine hii kwenda ile bila usumbufu. Yule dada, katika kurahisisha mambo, alikuwa ameandika humo humo paswedi ya kanzidata, yaani ghala lenye jina la kila mfugaji na mahali mizinga yake ilipo porini. "We dada!" marehemu aling'aka. "Kifurushi hiki anakinakili kila fundi tunayemkodi. Unataka wezi wa asali wapelekwe mpaka chini ya mti?" Kisha akapoa, akamvutia kigoda. "Sisi wajukuu wa wapagazi. Ulisikia wapi kasha limefungwa, halafu ufunguo umening'inizwa juu yake mpaka pwani? Mzigo una njia yake, ufunguo una njia yake." Wakaweka paswedi mpya katika hifadhi ya siri, pembeni kabisa, kontena likiwashwa ndipo lipewe. Na fundi yeyote akiondoka, hata kwa heri, paswedi alizozijua zibadilishwe siku hiyo hiyo. Nikamtania, "Hata wewe?" Akasema, "Hata mimi. Kwani mimi nani?"

Msibani, mtani wetu mmoja Mzaramo alisimama mbele ya jeneza, kama watani wanavyofanya tangu enzi za misafara, akafoka: "Mchoyo wewe! Umeondoka na paswedi, Wanyamwezi wako watalamba nini? Amka uitaje!" Tulicheka huku machozi yanatutoka. Dada wa Puge peke yake hakucheka, na baada ya mazishi akanieleza. Hifadhi ya siri anaweza kuifungua, marehemu alihakikisha hilo. Kinachomshinda ni kuibadilisha paswedi. "Kaka, ndicho kitu cha mwisho alichokiweka kwa mkono wake. Nikikifuta, pale ofisini kitabaki nini chake?" Wakati huo kompyuta ya marehemu ilikuwa inapita mikononi mwa ndugu na majirani wakitafuta picha zake, na humo paswedi ilikuwa bado inafungua kanzidata. Hatari aliijua vizuri kuliko mimi. Nami nikamkumbusha lile "Hata mimi" la marehemu.

Matanga yalipoisha nilimsindikiza ofisini. Akaketi, akaibadilisha paswedi na kuwasha makontena upya. Baada ya hapo ndipo akanionyesha ile ya zamani, maana sasa haifungui chochote. Nilitamani niikute na kitu chake, jina la mwanawe, basi hata la paka wake. Lahaula! Herufi na tarakimu zilizovurugwa na mashine, hazina maana yoyote. Dada wa watu akalia hata hivyo, nami nikalia.

Simu ikaita. Mzee mmoja mfugaji aliulizia mizinga yake mipya kama imeingia kwenye orodha.

"Shikamoo baba. Imeingia yote."

"Marahaba. Mbona sauti ngeni? Yule mama yuko wapi?"

"Ametutoka, baba. Lakini mizinga yako iko salama."

Nilichojifunza ni hiki: aliyetupenda tumtunzie alichokilinda, hata ikibidi tufute alama yake kwa mikono yetu. Inauma, asikudanganye mtu. Safu hii nimeiandikia kwenye kiti kile kile, polepole kama kawaida yangu, na hakuna wa kunicheka.